Kumbe wenye TVS na Boxer ndio wanaofufua pikipiki za Mwingereza: BSA ya leo ni BSA kweli?

#1 · Kijana_Ngarenaro

Wakuu, habari za jioni.

Hii TVS tunayoipelekea hesabu kwa bosi kila jioni hapa Arusha, kampuni yake ndiyo inayomiliki Norton ya Uingereza. Waliichukua Aprili 2020 kwa pauni milioni 16, Norton ikiwa imeanguka Januari ya mwaka huohuo. Bajaj mwenye Boxer ndiye anayeunda Triumph za cc 400 kule Chakan, India, tangu 2023. Novemba 2025 akaikamata na KTM ya Austria iliyokuwa imezidiwa na madeni. Mahindra, tunayemjua kwa matrekta, yuko nyuma ya BSA mpya na Jawa mpya.

Msimamo wangu ni kwamba hapo hakuna kilichofufuka. Kiwanda kikishafungwa, mafundi wakatawanyika na mashine zikauzwa, kinachobaki ni nembo ya kubandika kwenye tangi. Aliyenunua nembo hajanunua pikipiki.

Na swali la pili: kwa nini iwe Mhindi? Mwingereza mwenyewe alishindwa nini? Anayebisha aje na hoja.

#2 · Mtoto_wa_Sanawari

Nimekaa kiti cha mbele. Wazee wa BSA na Jawa mko wapi?

#3 · Dereva_Kiboriloni

Mleta mada umemwacha mkubwa wao, Royal Enfield. Ilikufa Uingereza, Mhindi akaifufua, na mwaka wa fedha 2024/25 imeuza zaidi ya pikipiki milioni moja. Nembo tupu inauza milioni moja kwa mwaka?

#4 · Chuma_Chakavu

Dereva_Kiboriloni, hapo nikurekebishe kidogo, maana hili jambo watu wengi hulisema hivyo. Royal Enfield haikufufuliwa, kwa sababu haikuwahi kufa.

Mwanzo wake ni Redditch, Uingereza, pikipiki ya kwanza 1901. Jina Bullet likaja 1932. Miaka ya 1950 mwanzoni jeshi la India likaagiza Bullet 800 za cc 350 za kulinda mipaka, na 1955 ikaundwa Enfield India pale Madras, ambayo leo ni Chennai. Walianza kwa kufunga vipande vilivyoletwa kwa meli, baadaye wakawa wanatengeneza kila kitu wenyewe. Waingereza walipofunga kwao, Madras hawakusimama hata siku moja. Bullet ileile ikaendelea kutoka.

Kwa hiyo kuna makundi mawili na tusiyachanganye. Enfield ni mti uliohamishwa na udongo wake. BSA na Norton ndizo hoja ya mleta mada inazozihusu.

#5 · Dereva_Kiboriloni

Ila kampuni mama ilikufa, mkuu. Mtoto kubaki hai si mzazi kubaki hai. Mimi nabaki palepale.

#6 · Fundi_Pasua

Niko Moshi, kazi yangu injini. Nijibu la "Mwingereza alishindwa nini", maana nililifundishwa kwa mikono na marehemu bwana mkubwa aliyenipa ufundi pale Majengo. Yeye alikuwa amezifungua sana hizo za zamani.

Keisi ya injini ya Mwingereza ilikuwa imepasuliwa wima katikati kama ganda la karanga. Muungano wake wote unapita mle oili inamokaa. Gasketi ikichoka kidogo, sakafu inalowa. Pikipiki za Uingereza dunia nzima zilijulikana kwa kuvuja. Mwaka 1969 Honda akaleta CB750: silinda nne, breki ya diski mbele, stati ya umeme, na keisi imekatwa kwa ulalo ili muungano ukae juu ya oili. Mteja akilala usiku, asubuhi sakafu kavu, anabonyeza kitufe inawaka. Wewe ungerudi kupiga kiki?

La pili, spana. Nati za BSA ya zamani hazikubali namba 10 wala 12 wala 14. Zinataka spana za Whitworth, vipimo vya inchi vya Kiingereza. Fundi aliyejifunza kwa Mjapani akiileta spana yake anaizungusha nati mpaka inakuwa duara. Nimeona injini nyingi zimeuawa na spana kabla hazijauawa na barabara.

Kwa hiyo jibu langu: walishindwa kwa sababu waliendelea kuunda kitu kilekile wakati mwenzao anaunda kingine.

#7 · Binti_Uru

Samahani jamani, BSA si baiskeli? Babu yangu alikuwa na baiskeli ya BSA, ina nembo ya bunduki tatu zimesimamishwa pamoja. Aliitundika darini mpaka leo hakuna wa kuigusa.

#8 · Chuma_Chakavu

Dada, ni haohao. BSA ni kifupi cha Birmingham Small Arms, walianza 1861 kwa kuunda bunduki, ndiyo maana ya zile tatu kwenye nembo. Baadaye baiskeli, kisha pikipiki. Mwaka 1957 upande wa baiskeli waliuuza kwa Raleigh. Pikipiki zikaanguka mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Na mwambie babu asiitupe hiyo.

#9 · Binti_Uru

Babu ameshatangulia. Asante kwa maelezo, nitamwambia baba.

#10 · Meku_wa_Machame

Nimeusoma uzi wote. Vijana mnajua mengi kuhusu nani kamnunua nani, ngoja niwape upande wa barabara.

Baba yangu alikuwa karani kwenye chama cha msingi cha kahawa chini ya KNCU. Alikuwa na BSA Bantam, cc 125, injini ya kuchanganya oili na petroli. Aliipandisha kutoka barabara kuu mpaka juu kwenye migomba, kipindi ambacho njia ile ilikuwa udongo mwekundu mtupu, na masika inakuwa sabuni. Alibeba madaftari ya uzito wa kahawa kwenye mfuko wa turubai, na akipita watoto tulijua sauti yake kabla hajafika kwenye mfereji. Mpaka anastaafu alikuwa anaifungua kabureta mwenyewe mezani, mama akinung'unika kuhusu harufu ya petroli kwenye kitambaa cha meza.

Kwangu mimi jina BSA lilikuwa na maana ya mtu anayeaminika. Karani, mwalimu, katekista. Kijana anaposema ni nembo ya tangi tu, huyo hakuona jinsi watu walivyosimama kumpisha mwenye nayo.

#11 · Kijana_Ngarenaro

Shikamoo meku. Naheshimu ulichosema, na kwa kweli umeongeza nguvu kwenye hoja yangu. Sifa ile aliijenga baba yako na wenzake kwenye tope la Machame. Leo Mahindra anaiuza sifa ya baba yako kwa mtu wa London. Baba yako amepata nini?

#12 · Meku_wa_Machame

Marahaba. Swali zuri hilo. Sina jibu.

#13 · Chuma_Chakavu

Kwa kuwa Bantam imetajwa, na kwa kuwa mleta mada anataka uhalisi, sikilizeni hili.

Bantam haikuwa ya Mwingereza. Ilikuwa DKW RT125 ya Mjerumani. Baada ya vita kuu ya pili michoro yake ilichukuliwa kama fidia. BSA wakaigeuza ikae upande wa pili ili gia iwe kulia kama walivyozoea wao, wakaanza kuiuza 1948 na wakaendelea mpaka 1971. Mmarekani naye akaichukua, Harley-Davidson wakatoa yao. Mrusi akatoa yake. Na mwaka 1955 Yamaha akaanza maisha yake ya pikipiki kwa YA-1, ambayo ni DKW hiyohiyo.

Sasa tuulizane: kama BSA inayoheshimiwa na meku ilikuwa nakala ya Mjerumani, kosa la BSA ya Mhindi ni lipi?

#14 · Mpare_wa_Same

Wachaga leo mmefundishwa kwamba pikipiki ya heshima ya mlimani ilikuwa nakala 😂 Mimi niko Same natazama kwa utulivu.

#15 · Dereva_Kiboriloni

Mpare ungekuwa na pesa ya kununua hata hiyo nakala tungekusikia mapema. Rudi kwenye mada mtani wangu.

#16 · Mama_Spea_Mbauda

Nauza spea za pikipiki Arusha, nimewasoma kwa muda nikanyamaza. Naona mnazungumzia wenye kampuni, mnasahau anayesimama kaunta.

Mteja hanijii na historia. Anakuja na kipande mkononi, kimejaa grisi, ananiambia "mama nipe kama hiki". Nikiwa nacho pikipiki yake ni nzuri. Nisipokuwa nacho pikipiki yake ni mbovu, hata kama imeundwa na nani. Boxer na TVS zimeishi hapa kwa sababu spea yake utaipata Mbauda, utaipata Himo, utaipata duka la mangi kijijini linalouza na chumvi.

Nitawapa mfano wa ufufuko wa kweli ambao hakuna aliyeutaja humu. Honda CG125 ya katikati ya miaka ya 1970. Honda waliiunda makusudi kwa nchi kama zetu baada ya kuona watu hawabadilishi oili kwa wakati: wakaondoa cheni ya taimingi, wakaweka vijiti vya kusukuma valvu, injini ikavumilia shida. Mchina akaichukua ile injini, akaitoa kwa majina mengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Zile pikipiki za Kichina zilizoanzisha bodaboda mjini kwetu, nyingi tumboni zilikuwa CG. Jina la Honda halipo kwenye tangi, lakini ringi, pistoni, klachi, vyote ni CG. Huo ndio uhai. Hawa kina BSA wamefanya kinyume: jina lipo, tumbo jipya.

Mwenye mkataba na pikipiki hatafuti jina. Anatafuta isilale gereji, kwa sababu siku ikilala hesabu inamngoja.

#17 · Kijana_Ngarenaro

Mama Spea umemaliza. Hicho ndicho nilichotaka kusema, ila sikuwa na kaunta.

#18 · Fundi_Pasua

Nakubaliana na mama kwa sehemu kubwa. Ila niongeze: CG haikufufuka, ilizaliana. Na mtoto si wote wanafanana. Kuna pikipiki ya jina nisilolitaja niliifungua ikiwa bado na nailoni kwenye siti, bloku imekwaruzika kama imepitishwa msasa. Mchoro ni wa Honda, chuma si cha Honda. Kwa hiyo hata "tumbo" halitoshi kuwa ushahidi. Inabidi kuuliza chuma gani, kimechongwa kwa kipimo gani.

#19 · Mhasibu_Njiro

Turudi kwenye "kwa nini Mhindi". Naona watu wanaelekea kwenye hisia, mimi naelekea kwenye vitabu.

Kwanza, wingi. Kampuni inayounda mamilioni ya pikipiki ndogo kwa mwaka tayari ina wauza chuma, wauza taa, wauza nyaya, na wahandisi wanaolipwa mwaka mzima. Kuongeza jina la heshima juu ya mfumo huo gharama yake ni ndogo. Mwingereza akianza upya leo anaanzia sifuri. Norton kabla ya TVS alijaribu kwa njia hiyo, pikipiki chache za bei kubwa, na mwisho wake tumeuona.

Pili, soko la nyumbani. India ndipo pikipiki ya cc 350 yenye sura ya kizamani inauzwa kwa wingi, Enfield ndiye aliyelijenga soko hilo. Wengine wote wanamkimbilia yeye. Tena tangu Septemba 2025 kodi yao ya mauzo kwa pikipiki isiyozidi cc 350 imeshuka kutoka asilimia 28 hadi 18, na ya juu ya hapo imepandishwa hadi 40. BSA Bantam mpya ya 2025 ni cc 334. Sasa mnaona wenyewe cc hizo zinakaa upande gani wa mstari.

Jina la zamani linamwezesha mtu yuleyule wa pikipiki ndogo kupata faida kubwa kwa kipande kimoja. Basi. Hakuna la moyo hapo.

#20 · Mwalimu_Shanty

Mhasibu, hoja yako ya kodi haiwezi kueleza jambo la miaka ya nyuma. TVS wamenunua Norton 2020, Mahindra wamenunua BSA 2016, kodi unayoitaja ni ya 2025.

Na la moyo lipo, tena kubwa. Kwenye Classic Legends, kampuni ya chini ya Mahindra iliyorudisha Jawa, kuna Boman Irani. Baba yake, Rustom Irani, ndiye aliyeanzisha Ideal Jawa pale Mysore, wakiunda Jawa na baadaye Yezdi mpaka kiwanda kikafungwa 1996. Novemba 2018 mtoto anairudisha barabarani pikipiki ya baba yake. Utaniambia hiyo ni hesabu tupu?

Halafu angalieni historia. Mtu aliyetawaliwa, aliyekuwa anaziona pikipiki hizi zikiendeshwa na askari na mabwana wilaya, leo anakwenda Birmingham kununua jina. Desemba 2021 BSA Gold Star mpya ilizinduliwa hukohuko Birmingham. Wangeweza kuizindua popote. Mimi hilo linanigusa na sioni aibu kusema.

#21 · Chuma_Chakavu

Mwalimu, la Irani uko sahihi kabisa, na ni moja ya mambo mazuri kwenye habari hii nzima. Niongeze tu kwamba Jawa asili ni ya Mcheki. František Janeček alinunua idara ya pikipiki ya Wanderer ya Ujerumani mwaka 1929, akaunganisha Ja na Wa. Na kampuni ya Kicheki bado ipo kule kwao, hawa wa India wanatumia jina kwa leseni. Kwa hiyo Jawa nayo haikufa nyumbani.

Ila la kutawaliwa silikubali moja kwa moja. Mbona Triumph ilifufuliwa na Mwingereza? Mwaka 1983 kiwanda cha Meriden kilipofungwa, jina alilinunua John Bloor, mjenzi wa nyumba, hakuwa mtu wa pikipiki. Akajenga kiwanda kipya Hinckley, pikipiki zikatoka tena mwanzoni mwa miaka ya 1990. Na Marekani, pikipiki ya Indian (ni jina tu, si ya India) ilizaliwa 1901, ikasimama 1953, ikajaribiwa tena 1999 ikafa 2003, mpaka Polaris akaichukua 2011. Hakuna aliyetawaliwa hapo.

#22 · Mhasibu_Njiro

Na Oktoba 2025 huyo Polaris ametangaza kuuza sehemu kubwa ya Indian kwa kampuni ya uwekezaji ya Carolwood. Moyo ungekuwepo asingeuza.

Kuhusu kodi: mstari wa cc 350 ulikuwepo India hata kabla ya 2025, juu yake kulikuwa na nyongeza. Kilichobadilika ni pengo kuwa kubwa.

#23 · Mwalimu_Shanty

Kuuza si kukosa moyo. Watu huuza mashamba ya baba zao wakilia.

#24 · Fundi_Pasua

Watu wa Triumph wa Meriden nao msiwasahau. Mwaka 1973 wafanyakazi walikaa kiwandani wakakataa kifungwe, mwisho wakakiendesha wenyewe kwa ushirika mpaka hiyo 1983. Wanaosema pikipiki za Mwingereza ziliuawa na migomo ya wafanyakazi waanze kueleza hilo. Hawa walioshikilia geti ndio waliotaka pikipiki iendelee.

#25 · Dereva_Kiboriloni

Fundi, si wewe uliyesema #6 kwamba waliuawa na keisi inayovuja? Sasa tena ni wenye kampuni?

#26 · Fundi_Pasua

Keisi ilivuja kwa sababu mashine za kuichonga zilikuwa za zamani, na mashine zilikuwa za zamani kwa sababu mwenye mali alichukua faida hakurudisha. Mfanyakazi huwezi kumlaumu kwa kifaa ambacho hakununua yeye. Ni jambo moja, nimelifuata kutoka chini kwenda juu.

#27 · Dereva_Sakina

Mimi nina sababu nyingine ambayo naona hamjaigusa: gari dogo. Mini ilitoka 1959. Mwingereza mwenye mke na watoto wawili akaona kwa nini anyeshewe kwenye pikipiki na kigari cha pembeni. Pikipiki ikageuka kitu cha vijana na starehe. Hata Honda asingekuja, soko lao la usafiri lilishakwenda.

Nimeliona hapa hapa. Bosi wangu wa kwanza alikuwa na pikipiki nzuri ya Suzuki, TF 125, anaipenda kufa. Alipopata gari la kwanza aliiegesha nyuma ya nyumba, kuku wakaanza kutaga kwenye siti.

#28 · Mtoto_wa_Sanawari

TF 125! Hiyo ndiyo ya kufufua. Bwana shamba wetu Ngaramtoni alikuwa nayo, inapanda mlima na magunia. Hao Suzuki wangeirudisha ningechukua mkopo kesho.

#29 · Mpare_wa_Same

TF unaijua wewe au unasimuliwa? Mlimani kwetu Upareni mchungaji alikuwa na Yamaha AG100, chombo kimewekewa vyuma vya kulinda mikono na cheni imefunikwa yote. Hiyo ndiyo pikipiki. TF ilikuwa inaifuata nyuma.

#30 · Dereva_Kiboriloni

Kwa mara ya kwanza nakubaliana na Mpare. Cheni iliyofunikwa kwenye vumbi letu ni akili kubwa. Boxer yangu naipaka oili cheni leo, kesho imeshageuka msasa. Kwa nini hakuna anayeweka tena ule mfuniko?

#31 · Mama_Spea_Mbauda

Kwa sababu cheni na spoketi ndiyo biashara, kaka. Naziuza kuliko kitu kingine chochote dukani isipokuwa oili na tairi.

#32 · Kijana_Ngarenaro

Tairi umenikumbusha. Tunajadili Birmingham, na hapa Arusha tuna General Tyre yetu imesimama miaka yote hii. Serikali na Continental walikuwa pamoja, tairi zikavaa magari ya nchi nzima, wazee wengi wa mji huu walisomesha watoto kwa mshahara wa pale. Jina lile bado watu wanalijua. Nani anakwenda kulinunua jina la General Tyre?

Ndiyo maana nasema jina si kitu. Lingekuwa kitu, lisingekaa bure.

#33 · Meku_wa_Machame

Kijana, hapo umegusa kidonda. Nilikuwa na ndugu pale. Ukiona mashine zimekaa kimya na watu waliozijua wanazeeka mmoja mmoja, ujue kila mwaka ufufuo unakuwa mgumu zaidi. Enfield walifanikiwa kwa kuwa mikono haikukatika kati ya mzee na kijana. Chuma_Chakavu alisema vizuri kule juu.

Kwa hiyo nakubaliana na wewe kwamba jina peke yake halitoshi. Sikubaliani kwamba si kitu. Ukifungua kiwanda cha tairi kesho hapa Arusha na ukakiita jina la kigeni, na jirani yako akafungua akakiita General Tyre, mimi najua mji mzima utapanga foleni kwa nani.

#34 · Mhasibu_Njiro

Kwa mwenye bei ndogo, meku.

#35 · Meku_wa_Machame

Mara ya kwanza wataenda kwa jina. Mara ya pili ndiyo wataangalia bei.

#36 · Binti_Uru

Naomba kuuliza wataalamu. BSA mpya injini yake ni ya nani? Mama Spea kasema tumbo jipya, nimetaka kujua.

#37 · Chuma_Chakavu

Gold Star mpya ni silinda moja, cc 652, chimbuko lake ni injini ya Rotax ya Austria. Kwa hiyo jina Mwingereza, mzizi wa injini Austria, mwenye mali India. Ile ya zamani, ya 1938 hadi 1963, ilikuwa nayo silinda moja, cc 350 na 500. Bei ya mpya ilipoingia sokoni Uingereza ilianzia pauni 6,500, kwa pesa yetu ya leo zaidi ya milioni 20 kabla ya ushuru.

Waliokuwa na hofu ya kuvuja watulie. Rotax sakafu inabaki kavu.

#38 · Dereva_Sakina

Milioni 20? Hiyo ni Boxer kadhaa na kiwanja Kwa Mrombo.

#39 · Mtoto_wa_Sanawari

Kuna jamaa kaniambia Royal Enfield nao wameleta ya umeme, inaitwa Flying Flea. Kweli au porojo?

#40 · Chuma_Chakavu

Kweli. Waliionyesha Milan Novemba 2024. Jina ni la pikipiki yao ya vita, cc 125, iliyokuwa inadondoshwa kwa parachuti pamoja na askari. Na sasa shikilieni viti: ile ya vita nayo ilitokana na DKW ya Mjerumani. Muuzaji wa Uholanzi alikatiwa mzigo kabla ya vita, akawaomba Royal Enfield wamuundie inayofanana nayo.

#41 · Mpare_wa_Same

Kumbe DKW ndiye baba wa wote na hakuna anayemfufua yeye!

#42 · Mwalimu_Shanty

Yupo, kwa namna fulani. Zile duara nne za Audi, mojawapo ni DKW. Na Audi ndiye mwenye Ducati tangu 2012.

#43 · Kijana_Ngarenaro

Wakuu nashukuru, uzi umekuwa darasa. Kwa Enfield nimewaelewa, ule si ufufuo. Kwa BSA na Norton bado sijashawishika. Siku nitakapoona fundi wa Pasua anaifungua BSA ya 2025 na spea anaipata kwa Mama Spea bila kuagiza nje, nitasema imefufuka.

#44 · Fundi_Pasua

Ilete tu. Spana zake siku hizi ni za milimita, hata kijana wangu wa gereji ataifungua.

Meku wa Machame, ile Bantam ya mzee bado ipo?

#45 · Meku_wa_Machame

Ipo, fundi. Mdogo wangu anayo nyumbani. Haijawaka muda mrefu, kiki inashuka bila uzito wowote, na kabureta watoto waliichezea.

#46 · Fundi_Pasua

Kiki ikishuka nyepesi anza na ringi na sili za kreki. Kwenye injini ya kuchanganya oili, sili zikikauka hewa inapita na haiwezi kuwaka hata plagi ikipiga moto mzuri. Usimruhusu mtu aishike na spana za kawaida. Za Whitworth aliniachia marehemu bwana mkubwa, zote ninazo.

#47 · Mama_Spea_Mbauda

Fundi, ukishaifungua nitumie kipimo cha pistoni na kipenyo cha sili. Sili tutapata za mashine nyingine zinazoingia palepale. Pistoni ndiyo itabidi tuulize Nairobi.

#48 · Meku_wa_Machame

Nitamwambia mdogo wangu ailete Jumamosi kwa kirikuu. Fundi, gereji yako ni upande gani wa soko?